Tiketi mbili, kiti kimoja: nilivyoumbuka njia ya Bristol

Shemeji yangu ana miaka 20 na ushee Uingereza, kwa hiyo akizungumzia mambo ya huku hubishani naye. Ndiye aliyenifundisha kukata safari vipande: badala ya tiketi moja ya London Paddington hadi Bristol, unanunua ya Paddington hadi Didcot Parkway, kisha nyingine ya Didcot hadi Bristol Temple Meads. Treni ile ile, kiti kile kile, nauli inashuka. Alichosahau kuniambia ndicho kilichonitia adabu.

Ijumaa hiyo nilidandia treni ya kwanza niliyoona imeandikwa Bristol. Nikatoa chapati zangu. Tumepita Reading najiona mjanja, yule mzee wa pembeni mwenye tiketi ya bei kamili namwonea hadi huruma. Mara Didcot hiyo, vuuu, imepita! Hata kibao sikuwahi kukisoma. Sikushtuka, kwani mimi nashuka Didcot? Mkaguzi alipofika nikamkabidhi tiketi zote mbili kwa madaha. Akazitazama, akaniuliza taratibu, "Hii treni imesimama Didcot?"

Kumbe ukiunganisha tiketi, treni lazima isimame pale zinapokutana. Nikalipa nauli mpya iliyomeza akiba ya safari kama nne hivi. Chapati sikuimaliza.

Nilipomlalamikia shemeji akaja na jipya: eti nilitakiwa nishuke Didcot, nikanyage jukwaa, nipande tena. Uongo mtupu! Treni ikisimama inatosha. Safari iliyofuata nilichagua inayosimama, nikabaki kitini nasinzia, na mkaguzi akapita bila neno.

Siku hizi nikiwa sina haraka nanunua Off-Peak, yaani tiketi ya saa zisizo na msongamano, ya kwenda na kurudi. Kurudi una mwezi mzima, na waweza kushuka njiani. Juzi nilishuka Reading kwa mama mdogo, nikala pilau, jioni nikaendelea na tiketi ile ile. Geti liligoma, mhudumu akaisoma, akanifungulia. Advance, ile tiketi ya kununua mapema, usijaribu hayo; ni ya treni yake tu. Na ukiona tiketi imeandikwa "Any Permitted" kwenye njia ya kupita, usidhani unaweza kuzunguka utakavyo. Ni njia zilizoruhusiwa tu.

Shemeji naye wiki iliyopita kanipigia simu, sauti chini kabisa, anauliza treni zipi za Bristol zinasimama Didcot.