Nauvoo, ambako hekalu lilijengwa mara mbili

Daraja la Fort Madison lilikuwa wazi katikati tulipofika. Ndivyo lilivyoundwa tangu 1927: treni hupita ngazi ya chini, magari ya juu, na matishari ya nafaka yakija, kipande kizima huzungushwa kuyapisha. Nilizima gari. Matishari yalipita polepole, yamefungwa pamoja safu kwa safu, yakisukumwa na meli moja iliyokuwa nyuma kabisa. Nikaanza kunung'unika kwamba tutachelewa.

“Weye!” Mama akanigeukia. “Batu ba zamani balitembea na miguu, weye unalia juu ya daraja?”

Mama ni wa Lubumbashi, umri wake na wa mama yangu mzazi haupishani sana, kwa hiyo mimi humwita Mama naye huniita mwanangu. Ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao wengi tunawajua kwa jina la Wamormoni. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, nasoma historia hapa Iowa City, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma nyaraka za miaka ya mwanzo ya kanisa lao. Yeye alitaka kwenda hekaluni Nauvoo kwa ajili ya bibi zake wawili waliokwisha kufariki. Mimi nilitaka kuiona nyumba moja iliyoko bondeni, karibu na mto. Gari langu, mafuta nusu kwa nusu, chakula juu yake.

Hoja yake ya miguu ilikuwa na msingi. Mwaka 1856 waongofu kutoka Ulaya, wasio na fedha za kununua magari ya kukokotwa na ng'ombe, waliondoka Iowa City wakivuta mikokoteni kwa mikono hadi Utah, zaidi ya kilomita 2,000. Mahali walipopiga kambi ni jirani na ninapoishi. Lakini mimi nilikuwa nikimfikiria mtembeaji mwingine, aliyewatangulia kwa miaka 13.

Ng'ambo ya daraja ni Illinois. Barabara namba 96 inafuata ukingo wa Mississippi, mto upande wa kulia, miti na mashamba upande wa kushoto, mpaka unapoona mnara mweupe juu ya kilima.

Nauvoo ya leo ina watu kama elfu moja. Katikati ya miaka ya 1840 ilikuwa na watu wapatao 12,000, ikishindana na Chicago. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, na wafuasi wake walifika 1839, wamefukuzwa Missouri, wakakausha kinamasi na kujenga mji wa matofali. Hekalu lilianzwa 1841. Smith aliuawa na kundi lenye silaha katika jela ya Carthage, mji wa jirani, tarehe 27 Juni 1844 pamoja na kaka yake Hyrum, na watu wake wakaendelea kujenga wakijua kabisa kwamba watahama. Majira ya baridi ya 1845 kuingia 1846, katika dari la hekalu lililokuwa halijamalizika, wamegawa vyumba kwa mapazia ya turubai na kupanga miti ya kwenye vyungu, watu zaidi ya 5,000 walipokea endaumenti, ibada yao kuu ya maagano. Walifanya usiku na mchana. Februari wakaanza kuvuka mto. Hekalu likachomwa moto Oktoba 1848, na 1850 kimbunga kikaangusha kuta.

Kwa hiyo hili tulilosimama mbele yake liliwekwa wakfu 2002, tarehe 27 Juni, siku ile ile aliyouawa Smith. Kwa nje limefuata michoro ya msanifu William Weeks, iliyobaki mikononi mwa uzao wake huko California hadi 1948, walipoikabidhi kwa mmisionari kijana. Juu ya kila nguzo kuna jiwe la jua: uso wa mviringo wenye mashavu, unachomoza kutoka mawinguni, na juu yake mikono miwili imeshika tarumbeta. Yalikuwa 30. Ya zamani yaliyobaki mazima ni mawili, moja Washington katika makumbusho ya Smithsonian na moja hapa mjini. Nililikaribia la hapa. Pua imelika, patasi imeacha mistari shavuni, na macho yanakutazama kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mapya ni masafi mno kwa ladha yangu.

Mama alivuta kijipochi chake, akakagua kibali cha kuingilia, akanyoosha sketi. Alipotoka Kongo, hekalu la Kinshasa lilikuwa bado. Liliwekwa wakfu 2019, na la Nairobi 2025. “Nakwenda kwa bibi zangu,” alisema, akapanda ngazi. Kazi ya kuwafanyia ibada waliokufa ilianzia katika mji huu: Agosti 1840 Smith alihubiri kwenye mazishi juu ya ubatizo kwa ajili ya wafu, na watu wakaanza kubatizwa mtoni kwa niaba ya wazazi na ndugu zao, kabla hata ya kuwa na kisima cha hekaluni. Sikumuuliza Mama atafanya nini ndani. Hayasimuliwi nje, nami nilikuwa na kazi bondeni.

Bondeni ndiko mji wa zamani ulikokuwa. Katika barabara ya Main linasimama jengo la ghorofa tatu ambalo watalii wengi hulipita wakikimbilia kwenye mikate ya tangawizi: ukumbi wa Freemason. Najua nyumbani ukilitaja jina hilo watu huwaza utajiri wa ghafla na kafara. Hapa ilikuwa ni udugu wa wanaume waliokutana kwa viapo, aproni na alama za siri, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Marekani wakati huo. Smith alipandishwa hadi daraja la tatu Machi 1842. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo, ghorofani kwenye duka lake la matofali mekundu, aliwapa wanaume tisa endaumenti kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wasaidizi wake wakuu, Heber C. Kimball, alimwandikia rafiki yake mwezi uliofuata kwamba kuna mfanano kati ya ukuhani na umasoni, bila kuona haya hata kidogo. Wapinzani baadaye walilitumia hilo kama kombora, watetezi wakalizunguka kwa miaka mingi, na wanahistoria wa sasa wanalieleza kwa utulivu: alikopa sura ya ibada, akaijaza hadithi ya Adamu, maagano, na familia zinazounganishwa kwa milele. Mimi nakubaliana nao. Kilichonichekesha ni kwamba hekalu la sasa ni jipya, duka lile nalo lilibomolewa 1890 na kujengwa upya 1980, lakini ukumbi wa Freemason ni ule ule.

Ghorofa ya duka ni chumba kimoja kikubwa chenye madirisha. Katika chumba kama hiki, wiki chache kabla ya endaumenti ya kwanza, wanawake walianzisha Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, Emma Smith, mke wa Joseph, akiwa rais. Mpaka 2024 duka hili, nyumba za Smith na hekalu la Kirtland, Ohio, vilikuwa mali ya kanisa jingine, Community of Christ, lililotokana na waliobaki Magharibi ya Kati bila kumfuata Brigham Young, aliyeongoza wengine kuhamia Utah baada ya Smith kuuawa. Viliuzwa kwa kanisa la Utah, lile la Mama, pamoja na maandiko ya mkono, jumla dola milioni 192.5.

Fedha hizo zinaeleweka ukijua karatasi zina hali gani. Hatua chache kutoka dukani, ukingoni mwa mto, ipo Nauvoo House. Oktoba 1841 Smith aliweka muswada wa kwanza wa Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu, ule ulioandikwa akiwa anaimla, ndani ya jiwe la pembe la jengo hilo. Likafunikwa. Mwaka 1882 mume wa pili wa Emma, Lewis Bidamon, alilifungua akakuta maji yameingia. Kilichosalimika aligawa vipande vipande kwa wageni. Leo imebaki kama asilimia 28, na vijipande hivyo wataalamu wamevisoma herufi kwa herufi. Mahali pamoja katika 1 Nefi, sehemu ya kwanza ya kitabu hicho, muswada ule ulisema “upanga wa haki”. Mwandishi aliyenakili kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji akaruka herufi moja ya Kiingereza, na tangu toleo la 1830 watu wakasoma “neno”.

Nyumba niliyokuja kuiona iko kwenye pembe ya barabara za Main na Water. Inaitwa Mansion House, ya mbao, nyeupe. Smith alihamia humo 1843. Hapa mama yake, Lucy, aliwaonyesha wageni maiti za Kimisri zilizokaushwa na hati za mafunjo, kwa robo dola. Mwanawe alizinunua 1835 na kusema humo mna maandishi ya Abrahamu. Vipande vya mafunjo yale vilitambuliwa 1966 katika makumbusho ya Metropolitan, New York, na mwanazuoni mzaliwa wa Misri, Aziz Atiya. Waliojua kuyasoma wakakuta ni maandishi ya mazishi, yakiwemo ya kuhani aitwaye Hor, aliyeishi karne nyingi baada ya Abrahamu. Kanisa lenyewe sasa limekubali kwamba maandishi hayo hayalingani na Kitabu cha Abrahamu, tafsiri aliyoitoa Smith. Mjadala umehamia kwenye swali la Smith alimaanisha nini aliposema “kutafsiri”.

Lakini mimi nilikuja kwa sababu ya mfuaji nguo.

Jane Manning alikuwa Mweusi huru wa Connecticut. Mwaka 1843 alisafiri na ndugu zake pamoja na waongofu wenzao weupe hadi Buffalo, na hapo wakanyimwa kupanda meli. Wakatembea. Kilomita karibu 1,300. Uzeeni alisimulia kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka, na alama za miguu yao zilionekana chini kwa damu. Peoria walitishiwa jela kwa kukosa karatasi za kuthibitisha uhuru wao. Walipofika Nauvoo, Emma alikuwa amesimama mlangoni akiwaita waingie. Jane akabaki hapa kama mfanyakazi wa ndani.

Mama alishuka kutoka hekaluni akiwa na uso mkunjufu na njaa. Tulikula chapati zake kwenye nyasi, kisha tukaingia Mansion House pamoja. Mwongoza wageni alikuwa bibi wa Kimarekani mwenye gauni refu na boneti. Alieleza samani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alipomaliza nikamwuliza kuhusu Jane, nikitarajia tabasamu la adabu. Kumbe alimjua vizuri. Alitutolea habari ya sanduku la nguo la Jane lililoibiwa, Joseph akamkuta analia. Miaka ya 1970 kumjua Jane kulihitaji uwe mtu wa maktaba. Mwaka 1973 daktari mmoja, Lester Bush, ndipo alipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba katazo la ukuhani kwa Weusi, lililowafungia pia ibada za hekaluni, halina mwanzo wowote katika nyaraka za Smith. Elijah Abel, Mweusi, alitawazwa mzee, cheo cha ukuhani, 1836 na kuishi humu Nauvoo akiwa seremala. Katazo lilitangazwa na Brigham Young, 1852.

“Alifulia wapi?” Mama aliuliza. Nikatafsiri. Bibi akatupeleka nyuma ya nyumba.

Hapo nikamsomea Mama kutoka kwenye simu, nikigeuza Kiswahili papo hapo, kile kisa ninachokipenda kuliko vyote. Siku moja Jane alikuta katika nguo za kufua mavazi ya ibada ya Joseph. Hakuwahi kuyaona kabla. Aliyatazama, akayawaza sana, hadi Roho, kwa maneno yake, akamfunulia kwamba yanahusu jina jipya wanalopewa watakatifu. Waliokuwa wakipewa endaumenti wakati huo walikuwa kikundi kidogo kilichofichwa hata na majirani. Yeye aliijua kutoka kwenye karai.

Mama aliomba nirudie. Nikarudia. “Bamufungia mlango, yeye akapita dirishani,” alisema.

Jane alikwenda Utah 1847. Tarehe 27 Desemba 1884, siku mbili baada ya Elijah Abel kufariki, alimwandikia rais wa kanisa John Taylor akiuliza kama hakuna baraka yoyote kwa ajili yake. Aliendelea kuomba. Emma alikuwa amewahi kumwambia, hapa Nauvoo, kwamba wangempokea kama mtoto wao kwa ibada ya kuunganishwa, naye akakataa kwa kutoelewa. Sasa alielewa, akataka. Mwaka 1894 viongozi walimuunganisha na familia ya Smith kama mtumishi, milele. Hakuruhusiwa kuingia hekaluni, mwanamke mweupe alisimama kwa niaba yake, na Jane alikuwa hai, mjini humo humo. Alifariki 1908. Katazo liliondolewa 8 Juni 1978, na mwaka uliofuata endaumenti yake ikafanywa kwa niaba.

Tulibishana njia nzima hadi Niota, kijiji kilicho mwanzoni mwa daraja upande wa Illinois. Mimi nilisema neno “mtumishi” bado limo kitabuni, na kufanya ibada nyingine juu yake hakulifuti. Mama alisema Jane sasa ana kila kitu, na kwamba yeye mwenyewe ametoka kumfanyia bibi yake kazi hiyo hiyo, kwa hiyo asingekubali niidharau. Nikasema siidharau, naizungumzia karatasi ya 1894.

“Na ibaki,” akasema. “Bakifuta, weye utasoma nini?” Kisha akaniuliza maktaba ya kanisa ya Salt Lake City inafungua saa ngapi, maana ana mtoto wa dada yake huko, na kama wanamruhusu mtu yeyote kuingia. Nikamwambia yeyote, bure. Akataka kujua kama barua ile ya 1884 mtu anaweza kuiona kwa macho, na ni nani aliyeiandika kwa niaba ya Jane.