Carmen de Lavallade, jukwaani na kwenye filamu

Kila ninapotazama picha za zamani za Carmen de Lavallade, mcheza dansi na mwigizaji wa Marekani, macho yangu hufuata mikono yake kabla ya miguu, kwa sababu mikono ile huigiza. Ndiyo maana siwaelewi wanaomsifu kwa dansi kisha wakautaja uigizaji wake kana kwamba ni nyongeza tu.

Alizaliwa mwaka 1931 na kukulia Los Angeles, akilelewa na shangazi yake aliyekuwa na duka la vitabu vya historia ya Wamarekani weusi. Binamu yake, Janet Collins, mwaka 1951 alikuwa mcheza baleti mkuu wa kwanza mweusi wa Metropolitan Opera ya New York. Hata hivyo, aliyemjenga Carmen hasa ni mtunzi wa dansi Lester Horton, ambaye kundi lake lilichanganya wachezaji wa rangi zote wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra sana Marekani, na ambaye wanafunzi wake walishona mavazi na kutengeneza mandhari ya jukwaa kwa mikono yao wenyewe. Horton hakuridhika na dansi peke yake: alimtuma Carmen akajifunze baleti kwa Carmelita Maracci na uigizaji kwa Stella Adler. Mwaka 1950 alimkabidhi nafasi ya Salome katika dansi yake yenye jina hilo, iliyoachwa na mchezaji wake mkuu, Bella Lewitzky. Carmen naye ndiye aliyemfikisha studioni kwa Horton mwanafunzi mwenzake wa sekondari, Alvin Ailey, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri wa dansi, na kwa hatua hiyo moja dansi ya Marekani inamdai deni kubwa.

Hollywood ilimtumia kwa uchache. Alionekana katika Lydia Bailey mwaka 1952 na Carmen Jones mwaka 1954, zaidi kama mchezaji kuliko kama mhusika, na ilimbidi asubiri hadi mwaka 1959 ili apate nafasi ya kusema, kando ya Harry Belafonte katika Odds Against Tomorrow. Nafasi hiyo ni fupi, nami bado naona uchungu kwamba hazikufuata nyingine nyingi za aina yake. Jukwaa lilimpa alichonyimwa na kamera. Katika onyesho moja la Broadway alikutana na Geoffrey Holder wa Trinidad, wakaoana mwaka 1955, na Holder akamtungia dansi za peke yake. Mwaka 1962 alizuru Asia pamoja na Ailey, jina la Carmen likiwa limetangulia la Ailey katika jina la kundi.

Kuanzia mwaka 1970 alifundisha waigizaji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale jinsi ya kuutumia mwili, Meryl Streep akiwa miongoni mwao. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi Jacob's Pillow, kituo cha dansi huko Massachusetts, alikowahi kucheza na kundi la Horton mwaka 1953, akasimulia maisha yake kwa maneno na kwa dansi, huku filamu za ujana wake zikioneshwa nyuma yake.