Vigauni Vinne vya Sabasaba

Niliondoka Singida alfajiri kwa basi la kwanza, kwa sababu usiku wake muuzaji mmoja wa mitumba wa Dodoma alinipigia simu kunieleza kwamba belo alilolifungua mchana lilitoa vigauni vinne vyeupe "vya netiboli". Neno hilo silipuuzi kamwe. Tangu nianze kukusanya mavazi ya zamani ya wanawake wacheza tenisi, sijakutana na mfanyabiashara wa masoko yetu anayeyaita kwa jina lake: gauni jeupe, fupi, lenye marinda ni la netiboli, na likiwa na lesi ni la komunio ya kwanza.

Ikungi na Manyoni tulizipita bila jambo la kusimulia. Baada ya Saranda, katika mteremko unaoelekea Kintinku na tambarare ya Bahi, gurudumu likapasuka, nasi tukakaa karibu saa nzima chini ya mbuyu. Jirani yangu wa kiti, bibi wa Kigogo aliyekuwa akirudi kwake, aliniuliza ninafuata nini Dodoma. Nikamsimulia habari za Gussie Moran, Mmarekani aliyecheza mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Uingereza, mwaka 1949 akiwa na chupi yenye ukingo wa lesi chini ya gauni lake, na jinsi wapiga picha walivyolala chini kuitafuta. Pia habari za mshonaji wake, Ted Tinling, ambaye alikuwa na kazi ya kuwahudumia wachezaji mahali hapohapo, akaipoteza kwa kishindo hicho, asirudishwe hadi mwaka 1982.

"Kwa ajili ya lesi?"

"Ndiyo, bibi, kwa ajili ya lesi."

"Lakini si umesema ilikuwa ndani?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama wakubwa wa Wimbledon walikuwa nalo.

Nilifika soko la Sabasaba jua likiwa la utosi. Muuzaji alikuwa ameniwekea vigauni vitatu tu kwenye mfuko, nami nikavigeuza ndani nje, kwani huko ndiko gauni linakotaja umri wake. La kwanza lilikuwa la netiboli kweli. La pili lilitoka Marekani, likiwa na lebo ndefu ya maelezo ya ufuaji. Nchi hiyo iliwalazimisha watengenezaji kuweka maelezo hayo kuanzia mwaka 1972, kwa hiyo zipu yake ya chuma, ambayo ingeweza kumshawishi mnunuzi mwenye haraka kwamba ni la miaka ya 1950, haikunidanganya. La tatu lilikuwa na shada la majani kifuani, nembo ya kampuni ya mavazi ya Fred Perry, kola ikiwa imegeuka manjano. Hilo nililinunua kwa shilingi 8,000 bila kubishana. Manjano hayanitishi, maana huweza kupunguzwa kwa kulowekwa taratibu. Ninachokiogopa ni dawa kali ya kung'arisha nguo, ambayo hula uzi wa mishono na kuliacha gauni likipasuka mikononi.

"La nne liko wapi, mdogo wangu?"

"Dada, nisamehe. Mama mmoja amelichukua asubuhi, binti yake ana komunio Jumapili. Liko kwa fundi, mstari wa pili."

Nilimkuta fundi akilimalizia. Lilikuwa Ellesse, lenye ile nembo ya nusu ya mpira wa tenisi na ncha mbili za skii, yaani mbao za kutelezea thelujini, zinazochomoza; ni kampuni iliyoanzishwa Italia, ambayo bingwa wa tenisi Chris Evert aliivalia nguo zake. Fundi alikuwa ameliongezea mikono mirefu ya satini na pindo la kufunika magoti, na kwa ustadi ambao sina budi kuukiri, alikuwa amefuata marinda ya awali bila kuyavuruga. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayeombwa kuuza sherehe ya mwanawe.

"Hili haliuzwi, mwanangu. Lakini hayo aliyoyatoa fundi, kama yanakufaa, chukua."

Nikainama sakafuni kati ya vipande vya nyuzi, nikaokota zipu ya zamani na lebo ya shingoni, nikazifunga kwenye gazeti. Hadi basi la jioni lilipofika Bahi nilikuwa bado nimelishika mkononi lile gazeti, na Fred Perry nimeliweka juu, kwenye rafu ya mizigo.