Siku moja maishani mwangu: kutoka zamu ya usiku hadi tumboni mwa ndege ya Lancaster

Saa 10 alfajiri nimepiga goti chini ya ndege ya mizigo katika uwanja wa Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, nakaza nati za tairi la mbele. Mimi ni fundi wa ndege, mzaliwa wa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa saba katika zamu ya usiku. Uwanja wetu huchangamka wengine wakiwa wamelala, ndege za mizigo zikishuka na kupaa hadi kunapambazuka.

Tairi likishakaa sawa, napanda juu kukagua mlango wa dharura. Katika kazi zote za usiku, hii ndiyo ninayoifanya kwa moyo wote. Navuta mpini, nasikiliza bawaba, napapasa mpira wa ukingoni kwa kidole nione kama una ufa. Pengine mlango huu hautafunguliwa kwa haja hata mara moja maisha yote ya ndege hii. Lakini siku ukihitajika, hakuna atakayepata muda wa kumwita fundi.

Saa 11 ni chai. Juu ya meza ya chuma ya karakana nikachukua futi na chaki, nikachora mistari mitatu: wa kwanza mwanzo wa futi, wa pili sentimeta 56, wa tatu sentimeta 61. Mwenzangu akauliza napima nini. Nikamwambia napima tundu la kutokea.

Sentimeta 56, yaani inchi 22, ndio uliokuwa upana wa tundu la dharura kwenye sakafu ya pua ya Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza katika Vita Kuu ya Pili. Halifax, ndege nyingine ya Waingereza ya wakati huohuo, ilikuwa na tundu la inchi 24. Wakati wa vita, kijana mwanahisabati aitwaye Freeman Dyson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, alikuwa akifanya kazi ya hesabu katika makao makuu ya kikosi cha mabomu cha Uingereza, Bomber Command. Takwimu zilizokuwa mezani kwao zilionyesha kwamba ndege za Kimarekani zikitunguliwa mchana, karibu nusu ya waliomo walitoka hai. Katika Halifax walitoka asilimia 25. Katika Lancaster, asilimia 15. Dyson aliona wazi kwamba lile tundu jembamba lilikuwa na hatia kubwa katika tofauti hiyo. Ukitazama mistari miwili ya chaki mezani, nafasi iliyo kati yake ni ya vidole vitatu. Sasa fikiria mtu mwenye koti nene la baridi, viatu vizito na parachuti kifuani, gizani, ndege ikijipindua na kwenda chini.

Mwenzangu akaweka kiganja juu ya ile mistari, akakaa kimya hadi chai yake ikapoa.

Nilikuwa na sababu ya kupima alfajiri ile. Mchana wake nilikuwa napanda Lancaster kama abiria.

Saa 1 asubuhi nikatoka kazini. Sikurudi nyumbani, maana makumbusho ya ndege za kivita, Canadian Warplane Heritage Museum, yako uwanja huuhuu. Nililala garini saa moja na nusu, ingawa kusema kweli nilifumba macho tu. Tiketi ya ndege hii ni kwa wanachama, na bei yake si ya kutolewa mfukoni siku moja. Nilidunduliza mwaka mzima, mke wangu akijua na akikubali.

Ulimwengu mzima leo umebakiwa na Lancaster mbili tu zinazoruka, moja Uingereza na nyingine hii ya Hamilton, kati ya 7,377 zilizotengenezwa. Hii yetu ilitoka kiwandani Malton, karibu na Toronto, mwaka 1945, vita ikielekea ukingoni, kwa hiyo haikudondosha bomu lolote vitani. Ikapewa kazi ya kulinda bahari na kutafuta waliopotea hadi mwaka 1963. Kisha ikasimamishwa juu ya nguzo mjini Goderich, mvua na theluji vikiitafuna miaka nenda rudi. Mwaka 1979 helikopta ya jeshi aina ya Chinook iliibeba ikaileta Hamilton, na watu wa kujitolea wakaishughulikia hadi Septemba 1988 iliporuka tena. Mimi ni fundi, najua maana ya miaka ile. Ni ribiti moja moja, ni waya uliooza unaoufuata mita kumi ili ujue unaishia wapi, ni kipuri ambacho hakuna duka linalokiuza tena hivyo unakichonga mwenyewe. Watu hao niliwasalimu kwa heshima asubuhi ile. Wengi ni wazee wastaafu, mikono yao ina mafuta kama yangu.

Ubavuni imeandikwa VR-A, na kwa herufi hizo watu wakaizoea kwa jina la Vera. Herufi ni za ndege nyingine, iliyoangushwa Ufaransa mwaka 1944. Nitaifikia.

Saa 3 tukapewa maelezo. Tulikuwa abiria wanne. Tukafundishwa kufunga mikanda, wapi pa kushika na wapi pa kutogusa, na jambo nililolisikiliza kuliko yote: mkiambiwa tokeni, mtoke wapi.

Saa 4 kasorobo tukapanda. Mlango ni mdogo, uko nyuma upande wa kulia, unapanda kwa ngazi fupi. Ndege hii hukaa kwa gurudumu la mkia, kwa hiyo ukishaingia unapanda mlima kwenda mbele, mgongo umeinama. Ndani ni bati tupu, mbavu za chuma, nyaya na mabomba. Harufu ni petroli, oili na rangi ya zamani. Mita chache mbele unakutana na boriti ya bawa. Inakata kiwiliwili cha ndege kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake imebaki nafasi ya mtu kujivuta kwa tumbo. Niliivuka mchana, ndege imesimama, nimevaa fulana. Hata hivyo goti liligonga, na nikahitaji mkono wa mtu. Wafanyakazi saba wa ndege hii walikuwa na boriti hiyo kati yao, watano mbele yake, na wapiga rashasha wawili nyuma.

Injini zikaanza, moja baada ya nyingine. Ni Merlin nne, kila moja silinda 12 na lita 27. Kwanza pangaboi linazunguka kwa kusitasita, halafu moshi, halafu mngurumo unaingia kifuani kabla haujafika masikioni. Zikiwaka zote nne, bati lote linatetemeka na huwezi kumsikia aliye begani kwako.

Tukapaa. Mkia unainuka kwanza, na ule mlima niliopanda ukageuka sakafu. Chini nikaona viwanda vya chuma vya Hamilton na Ziwa Ontario lenye rangi ya maziwa kwa jua la asubuhi. Nilidhani ningetazama nje muda wote. Sikuweza. Macho yangu yalikuwa yanarudi nyuma, kwenye lile handaki la bati linaloishia mkiani, kwenye kibanda cha vioo cha mpiga rashasha wa nyuma. Mtu huyo alikaa peke yake saa saba, nane, katika baridi inayogandisha pumzi, na parachuti yake haikuingia mle alimokaa. Ilikuwa imetundikwa nje, nyuma ya mgongo wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, ndege yenye herufi VR-A ilikwenda kupiga reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Ikashambuliwa na ndege ya Kijerumani, injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukashika. Rubani akaamuru watu waruke. Andrew Mynarski, kijana wa Winnipeg, Kanada, aliyekuwa kwenye bunduki za juu, alifika mlangoni, ule wa nyuma kulia. Akageuka, akamwona mwenzake Pat Brophy amenasa mkiani, kibanda chake hakizunguki. Mynarski akatambaa katikati ya moto. Akapiga kwa shoka, kisha akavuta kwa mikono. Haikufunguka. Brophy akampungia aende zake. Mynarski akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, nguo zinawaka, akasimama wima akapiga saluti, ndipo akaruka. Alifariki kwa majeraha ya moto. Brophy alianguka na ndege, kibanda kikakatika ilipogonga miti, akatoka mzima. Yeye ndiye aliyesimulia, na mwaka 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Lakini nilipokaa mle nikipima kwa macho kutoka mlangoni hadi mkiani, niliona ni hatua chache tu. Yaani mlango alikuwa nao mkononi.

Bomber Command ilipoteza watu 55,573 kati ya wafanyakazi wa ndege wapatao 125,000. Na chini yao kulikuwa na watu pia. Hamburg, Ujerumani, Julai 1943, walikufa zaidi ya 30,000 kwa mabomu na moto, wengi wakiwa kwenye mahandaki walimojificha. Siwezi kuipenda ndege hii bila kuwakumbuka na hao. Sakafu niliyokanyaga ndiyo dari ya sehemu ya mabomu, yenye urefu wa karibu mita 10.

Saa 5 na robo tulikuwa chini. Tulitokea mlango uleule, mmoja mmoja, na kila aliyekanyaga lami aligeuka kuutazama.

Saa 5 na nusu nikampigia baba, Dar ilikuwa saa 12 na nusu jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshuka salama?"

Baba alikuwa karani wa mahakama ujanani, na ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa ndege. Zama zake Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuwa na jaji kutoka Trinidad, Ulric Cross, aliyekuwa huko kuanzia mwaka 1967 hadi 1971. Wakati wa vita, kabla hajawa jaji, mtu huyo alikuwa mwongoza njia katika ndege za mabomu aina ya Mosquito, kikosi cha 139, na alikwenda juu ya maadui mara 80. Mosquito ilikuwa ya mbao, lakini injini zake mbili zilikuwa Merlin, hizihizi. Nilirekodi mngurumo wakati wa kuwasha. Nikamsikilizisha baba kwenye simu.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo sauti aliyokuwa nayo kichwani huyu bwana, na sisi tunamwona amekaa kimya anaandika hukumu." Akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu.

Mchana nililala kama gogo. Saa 4 usiku nikaingia tena kazini. Meza ya karakana ilikuwa imefutwa vumbi, lakini mistari ya chaki ipo, mtu ameipitia kando kwa kitambaa. Ndege ya kwanza iliingia saa 5 kasoro dakika kumi. Nikachukua tochi, nikapanda, nikaanza na mlango.