Mifuko miwili ya triko la Mama

Leo nimemaliza kutengeneza mikono ya triko, yaani sweta, la Mama. Ni la sufu, la kijani, la mitumba. Alilichagua mwenyewe sokoni Kadutu. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni za mvua halivui hata akiwa jikoni. Mapindo ya mikono yalikuwa yameliwa na makaa na sabuni, lakini kwingine kote lilikuwa zima.

Kabla ya kugusa uzi mimi hutazama mshono wa ubavuni. Triko lililokatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, ule mshono wa cherehani unaozungushia kingo, halifumuki. Utaambulia vipande vya uzi tu. La Mama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kingo zake ni nzima, kwa hiyo uzi hutoka mmoja, mrefu. Tena sufu yake haijagandishwa na maji ya moto.

Wengi hununua uzi mpya wa rangi inayokaribia. Mimi sikubali. Kijani cha dukani hakikai vizuri kando ya kijani kilichopigwa jua miaka na miaka. Uzi pekee ulioona jua lile lile ni wa triko lenyewe, basi nikamwomba Mama mifuko.

"Na pesa yangu ya soko nitaweka wapi?"

"Si unaifungaga kwenye ncha ya kikwembe, Mama?"

Akacheka, akanipa.

Mfuko hufumuliwa kuanzia juu, pale mashini ya kufuma ilipomalizia. Uzi hutoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko, na ukiufuma hivyo vitanzi havilingani. Niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga kwa legelege huku na huku, nikaulowesha maji ya vuguvugu, nikautundika na chupa ya maji chini yake mpaka ukakauka umenyooka. Halafu nikaupitisha kwenye mshumaa ili uteleze.

Kisha mkono, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kabisa. Unakata kitanzi kimoja tu, juu kidogo ya palipochakaa, unauvuta uzi wa safu hiyo taratibu, na pindo lote linaachana na mkono. Vinabaki vitanzi vitupu, wazi, na kila kimoja unakipa sindano yake kwenye mashini ya kufuma. Moyo hudunda hapo, kila mara. Nikafuma kwenda chini, kinyume cha aliyelifuma kwanza. Vitanzi husogea nusu, ila penye ufumaji wa kawaida jicho halioni. Mashini yangu ina safu moja tu ya sindano, 200, kwa hiyo mistari ya pindo linalovutika niliitengeneza kwa mkono: unaachia kitanzi kimoja katika kila viwili, kinashuka, unakipandisha tena kwa upande wa pili kwa sindano yenye ulimi.

Pindo limetoka na rangi ya mchanganyiko mwepesi, kwa sababu uzi ulipauka upande mmoja tu. Lakini kifuani, mifuko ilipokuwa, imebaki miraba miwili ya kijani kibichi. Nilitaka kuifunika kwa nakshi. Mama akalivaa, akapapasa pale.

"Acha hivyo, mwanangu. Hii ndiyo rangi niliyonunua."

Nimeacha. Uzi uliobaki nimeuviringisha na kuuweka kwa ajili ya kiwiko cha kulia, ambacho kimeanza kuwa chepesi.