Dagaa wa saa nane usiku

Jumapili, usiku

Siku tatu nimekwama kwenye programu ya hesabu za dagaa. Nimewaandikia wenye mitumbwi wachache wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma: chombo kikifika, kijana wa mwaloni anaingiza kwenye simu jina la mwenye chombo na idadi ya ndoo, programu inajumlisha ya siku. Jumla ikawa haipatani na daftari. Si kila siku, na hapo ndipo paliponiumiza. Kosa la kila siku utalikamata tu. Hili la kuchungulia na kujificha linakufanya uanze kujitilia shaka mwenyewe.

Msimbo wa kujumlisha, yaani maagizo ninayoiandikia kompyuta, niliusoma mpaka nikaukariri. Nikakumbuka bata wa mpira wa waandishi wa programu Andrew Hunt na David Thomas, kwenye kitabu chao cha 1999: mweleze bata msimbo wako mstari kwa mstari, kosa litajitokeza. Bata sina. Nikalieleza kopo la majani ya chai. Shida ni kwamba nililisemesha kwa lugha yangu ya kazini, nikaruka palepale ninaporuka siku zote. Kopo likakubali kila neno.

Leo mchana nikafunga kompyuta, nikateremka Kibirizi kwa miguu. Wanasema kutembea hufungua akili; mimi njiani niliambulia vumbi. Mama mdogo alikuwa anageuza dagaa kwenye vichanja. Shikamoo, marahaba, mbona macho mekundu hivyo? Nikaanza kumweleza. Kwake huwezi kusema "rekodi" ukaendelea, ikabidi niseme mitumbwi, ndoo, usiku.

"Hizo zinazokosewa ni za nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

Nilitaka kujibu "za yeyote." Nikatoa simu nimsomee: huyu alifika saa saba usiku, huyu saa nane, huyu saa saba na nusu... Nikanyamaza. Wote ni wale waliojaza mapema wakarudi. Wa alfajiri hayumo hata mmoja.

Seva, kompyuta ya mbali inayopokea hesabu hizo, inatunza muda kwa saa ya kimataifa, UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Mtumbwi uliotia nanga saa nane, usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva bado ni Jumatatu saa tano usiku. Kila anayefika kati ya saa sita na saa tisa usiku anaangukia jana. Na mimi majaribio yangu yote nilifanya mchana, jua linawaka!

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia basi, nitasogeza saa tatu mbele, yameisha.

"Na atakayefika saa tano usiku?"

"Huyo ni wa Jumatatu, mama."

Akanitazama kama mtoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari. "Ametoka wakati wa magharibi pamoja na wenzake, usiku mmoja, wa kuamkia Jumanne. Dagaa wake naanika Jumanne. Awe wa Jumatatu kwa lipi?"

Nimelifungua daftari sasa hivi. Limeandikwa vivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Nimefuta nilichoandika jioni. Siku kwenye programu sasa inaanza saa 12 jioni. Vidole vinanuka dagaa mpaka kwenye kibodi, maana hakuniachia nikimbilie nyumbani kabla ya kumaliza kichanja cha mwisho.