Tope la Kyaka kwenye kifaru cha mezani

"Kutu hii imetoka wapi?"

Ndilo swali la kwanza aliloniuliza baba mkubwa baada ya kuitikia shikamoo yangu na kukipokea kifaru changu cha plastiki kwa mikono miwili. Alikisogeza dirishani, akakigeuza tumbo juu, akakirudisha, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mfuniko wa dereva. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikisubiri pongezi. Kazi ile ilinichukua miezi miwili, na sehemu niliyojivunia kuliko zote ilikuwa hiyohiyo kutu: michirizi ya rangi ya chungwa inayoteremka kutoka kila bolti.

"Hiki ni kifaru cha jeshi, mwanangu. Kinachoota kutu namna hii ni chuma chakavu. Sisi tuliingia Mutukula mwezi wa kwanza, mwezi wa nne tuko Kampala. Kutu ingepata wapi nafasi?"

Baba mkubwa alikuwa fundi wa vifaru kwenye vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, 1978 hadi 1979. Nilichompelekea Bukoba siku ile ni modeli ya plastiki ya Type 59, kifaru cha Kichina kilichotokana na T-54A ya Kisovieti: tani 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. Kwa kiwango cha 1/35, bodi lake bila mzinga lina urefu wa sentimita 17 hivi. Boksi, la Trumpeter, kampuni ya Kichina ya modeli, aliniletea binamu yangu ambaye hufuata mizigo Guangzhou. Nilikuwa nimeshaunganisha vifaru vinne vya Ulaya kabla ya hicho, lakini hiki nilikitaka kwa sababu yake yeye.

Hakuishia kwenye kutu. "Dereva anaingilia wapi?" Nikamwonyesha mfuniko wa mbele, kushoto. "Haya, anapandia wapi?" Hapo sikuwa na jibu. Akaweka kidole kwenye digadi ya kushoto, lile bamba lililo juu ya minyororo, pale mbele kabisa. "Hapa. Kila siku, mara kumi, na mabuti yenye tope. Wewe hapa rangi yako inang'aa kama gari la maonyesho." Akahamia digadi ya kulia, kwenye matangi ya nje ya mafuta. "Huku tunamimina dizeli kwa madumu. Inamwagika, hakuna namna. Vumbi likikuta dizeli linaganda, linakuwa jeusi, hata mvua hailitoi." Kisha akarudi kushoto, nyuma, kwenye ekzosi. "Na huku kunatemwa masizi. Gurudumu la mwisho la kushoto haliwezi kufanana na la kulia hata siku moja. Yako yanafanana kama mapacha."

Nilirudi Mwanza na kurasa tatu za daftari, mchoro mmoja, na mfuko wa rambo wenye udongo mwekundu niliouchota kando ya barabara, karibu na daraja la Kyaka. Daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978. Baba mkubwa alinisindikiza mpaka pale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na mtu yeyote wa familia.

Nikiri nilikokuwa nimekosea. Ufundi wote nilikuwa nimejifunza kwa kutazama kazi za watu wa Ulaya, na ni mafundi kweli. Mbelgiji François Verlinden ndiye aliyewafanya waunda modeli wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waache kuridhika na rangi moja tambarare. Mhispania Mig Jiménez na wenzake wakaja na unga wa rangi na namna mpya za kuonyesha uchakavu. Lakini mimi sikujifunza macho yao, nilinakili madoa yao. Kutu niliyoweka ilikuwa ya gari lililotelekezwa kwenye theluji ya Urusi. Tope langu lilikuwa la kijivu, la Normandy.

Nikaanza upya. Rangi ya akriliki niliitoa kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikabaki na plastiki yenye praima, ile rangi ya msingi, hapa na pale. Kupiga praima mpya kulinigharimu wiki nzima, kwa sababu nilitumia kopo la spreyi ya magari mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Unyevu ulinaswa ndani ya rangi ikiwa inakauka na kuacha ukungu mweupe juu ya bodi zima. Ikanibidi nipige msasa laini na kurudia, safari hii saa saba mchana siku ya jua, kwa kupuliza kidogokidogo kutoka mbali, tabaka tatu nyembamba. Spreyi hizo zikipigwa nzito kwa mara moja hulainisha plastiki na kula mistari midogo ya bolti. Anayeanza ajaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, ile plastiki inayobaki vipande vya modeli vikishakatwa.

Kwa rangi yenyewe nilinunua eabrashi, kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ndogo ya kuchaji, ile wanayotumia wapamba keki. Inatosha kabisa. Kijani nilikichanganya kilichopauka zaidi ya kile anachokikumbuka baba mkubwa, kwa kuongeza tone la njano na tone la kijivu, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi. Sehemu za juu, zinazopigwa na jua, nikazipunguza ukolevu zaidi. Za ubavuni nikaziacha.

Kuhusu mabanduko ya rangi, kuna hesabu moja ninayotamani kila mtu aibandike ukutani. Milimita moja kwenye modeli ni sentimita tatu na nusu kwenye kifaru halisi. Kwa hiyo doa la milimita mbili, ambalo mkono wako unaliona dogo, ni bamba la sentimita saba lililonyofoka. Kifaru changu cha kwanza kilikuwa na madoa ya namna hiyo mia moja na zaidi, kana kwamba kimeoshwa kwa nyundo. Safari hii nilimwomba dada yangu spreyi ya nywele ya saluni kwake. Unapaka kwanza rangi ya kahawia iliyokolea, unaifunika kwa vanishi, unapuliza spreyi ya nywele tabaka mbili, ikikauka unapiga kijani juu yake kwa eabrashi. Baada ya nusu saa hivi unalowesha sehemu moja kwa maji na kuigusa kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Maji yanapenya, spreyi inayeyuka chini, kijani kinatoka chenyewe kwa vipande visivyo na mpangilio. Nilifanya hivyo mahali pachache tu: digadi ya kushoto anapopandia dereva, ukingo wa mifuniko, na paa la kichwa cha kifaru pale kamanda anapokanyaga. Kwingine kote sikugusa. Ilikuwa vigumu kujizuia, maana rangi inavyobanduka inapendeza kuitazama.

Kutu ya chungwa niliiacha kwenye ekzosi peke yake, ambako joto na mvua hukutana kila siku. Minyororo haikustahili chungwa. Chuma chake cha manganizi huwa na kahawia nzito inayoelekea weusi, na pale panaposuguana na ardhi na meno ya gurudumu huwa peupe na kung'aa. Nilisugua sehemu hizo kwa penseli laini ya 6B, unga wake nikausambaza kwa kidole. Hakuna rangi ya kopo iliyonipa chuma cha kweli kama penseli hiyo.

Nikafunika kwa vanishi ya kung'aa, nikapitisha rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokolea, iliyoyeyushwa kwa tapentaini hadi ikawa kama chai ya rangi. Unagusa tu kwenye pembe ya bolti kwa ncha ya brashi, rangi inakimbia yenyewe kuizunguka. Ni lazima vanishi iwe imekauka siku moja au zaidi. Kisha vanishi isiyong'aa juu yake, na hapo nikawa tayari kwa tope.

Kabla ya kuligusa tope nilifanya jambo moja ambalo naona lilinisaidia kuliko video zote. Jumamosi tatu nilikwenda kukaa kwenye sehemu ya kuoshea magari, pale yanapokuja malori ya kubeba moramu. Nilinunua soda, nikatazama. Tope halikai popote tu. Ubavuni kuna vumbi jepesi lililochorwa mistari na mvua ya juzi. Chini ya digadi kuna tope la miezi, limejipanga tabaka juu ya tabaka, la nje jekundu bichi na la ndani limepauka. Mlangoni, dereva anapoegemeza kiwiko, ni safi. Kuzunguka mfuniko wa tangi la dizeli kuna duara jeusi. Na raba ya tairi haina weusi hata kidogo, ni kijivu chenye wekundu. Kila doa lilikuwa na mtu aliyelifanya au mahali lilipotoka, na nilipoanza kuyafuata yale madoa nyuma hadi kwenye chanzo chake, kurasa tatu za baba mkubwa zikaniingia akilini kwa mara ya kwanza.

Udongo wa Kyaka niliukaanga kwenye kikaango kikavu kuua wadudu na kuondoa unyevu, nikautwanga, nikauchuja kwa kichujio cha chai, halafu nikauchuja tena kwa soksi ndefu ya nailoni. Mtu anaweza kuona ni kujisumbua, lakini turudi kwenye hesabu: chembe ya nusu milimita ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Ikibaki kwenye digadi, jicho linajua mara moja kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Kilichopita kwenye soksi kilikuwa laini kama poda ya mtoto.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilichanganya udongo na gundi nyeupe ya mbao na maji, nikapaka nene chini ya digadi, mahali ambapo vanishi isiyong'aa sikuifikisha. Asubuhi tope lote lilikuwa limepasuka na linadondoka kama magamba. Rangi nayo ilikuwa imekolea mno, imekuwa damu ya mzee, kwa sababu gundi huufanya udongo uonekane umelowa hata ukikauka. Nikasafisha, nikapiga vanishi isiyong'aa kila pembe, nikapaka tabaka nyembamba, moja kwa siku kwa siku nne, na kila tabaka nikiongeza unga kidogo wa udongo wa kichanga ili ipauke. Nilikatakata nyasi kavu kwa wembe, vipande vya milimita mbili, nikachanganya humo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa tamu. Vumbi kavu nililiweka kwa brashi laini kwenye pembe za bodi na juu ya matangi, kisha nikagusa ukingo kwa brashi yenye tapentaini na kuliacha lijivute lenyewe hadi mahali pake. Tope zito lilikwenda nyuma, ambako minyororo hulirusha, na katikati ya gurudumu la kwanza na la pili, maana Type 59 ina pengo pale na tope hupata nyumba. Kichwa cha kifaru kilipata vumbi na nyayo tu. Nyayo nilizichora kwa kipande cha sponji kilichokatwa kwa umbo la soli, milimita nane, askari mwenyewe kwa kiwango hiki ana urefu wa sentimita tano tu. Mwisho kabisa, vanishi ya kung'aa kidogo kwenye tope la chini, ionekane kwamba kimetoka kwenye dimbwi saa hiyohiyo. Dizeli niliifanya kwa rangi ya mafuta nyeusi na kahawia, imechanganywa na vanishi ya kung'aa, ikamwagika upande wa kulia kutoka kwenye mdomo wa tangi hadi kwenye digadi.

Nilirudi Bukoba mwezi wa nane, kifaru kikiwa kwenye boksi la viatu lililojaa sponji. Baba mkubwa alinikuta nimekiweka mezani, hakukishika. Alivuta kiti, akakaa, akavaa miwani, akaomba tochi ya simu yangu. Alimulika digadi ya kushoto muda mrefu. Akamulika ekzosi, akaenda kwenye gurudumu la mwisho. Akainama, macho yakawa usawa wa meza, akaangalia chini ya tumbo, ambako hata mimi sikutegemea mtu aangalie, na huko nako nilikuwa nimepaka.

"Mvua ya Masaka," alisema, akiutaja mji wa Uganda ulio njiani kwenda Kampala.

Akanyamaza tena. Nikadhani amemaliza, nikaanza kukusanya boksi.

"Subiri. Kitovu cha gurudumu la pili, huku kulia. Sili zilikuwa zinavujisha. Grisi inatoka katikati, gurudumu likizunguka inatawanyika hivi," akachora hewani kwa vidole vitano kama miale ya jua. "Mimi ndiye nilikuwa nazibadilisha. Usiku."

Nilikuwa na rangi kwenye mkoba. Nikatoa kopo dogo, kijiti cha meno na brashi namba sifuri, nikamwomba anishikie tochi.